Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Karatasi ya Kufungashia Dagaa kwa Wanga wa Muhogo na Maji ya Magome ya Miti

Dagaa wanaonunuliwa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wakiwa wakavu na wenye rangi ya fedha hawachukui muda mrefu kugeuka manjano wanapofungwa katika mfuko mwembamba unaopitisha mwanga na hewa. Kinachowaharibu katika hali hiyo kwa kawaida si bakteria, kwa kuwa dagaa waliokauka sawasawa hawana maji ya kutosha kuwalisha wadudu hao. Ni mafuta ya dagaa wenyewe, ambayo ni ya aina inayoshambuliwa upesi na oksijeni, na mwanga wa jua huyaharakishia maangamizi. Kwa hiyo kifungashio kinachowafaa ni kile kinachozuia mafuta yasipenye nje, kinachopunguza hewa na mwanga unaoingia, na chenye ndani yake kitu kinachoweza kuikabili oksijeni kabla haijawafikia.

Kitu hicho kimo katika magome ya miti mingi, nacho kinaitwa tanini. Ndicho kinachoyapa magome ladha kali inayokausha ulimi, ndicho kinachogeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi ya viatu, na kabla ya nyavu za nailoni kuenea ndicho kilichowasaidia wavuvi wa sehemu nyingi duniani, waliochemsha nyavu zao za pamba katika maji ya magome ili zisioze. Katika kifungashio tanini hufanya kazi tatu: hupunguza kasi ya kuharibika kwa mafuta, hukinga sehemu ya mionzi mikali ya jua, na hudhoofisha baadhi ya bakteria na kuvu.

Jambo moja liwekwe wazi kabla ya kugusa sufuria. Maji ya magome peke yake hayatengenezi kifungashio. Nguvu inatoka kwenye karatasi, utando wa kuzuia mafuta na hewa unatoka kwenye wanga, kinga dhidi ya unyevu inatoka kwenye nta ya nyuki, na tanini huongezwa kwa kiasi kidogo sana ndani ya wanga. Mtu anayedhani kwamba tanini nyingi ndiyo kinga nyingi huishia na karatasi nyeusi inayovunjika kwenye kila kunjo na kuwaachia dagaa ladha chungu. Vilevile karatasi hii ni ya vyakula vikavu: dagaa, karanga, maembe yaliyokaushwa, mbegu za maboga. Sato mbichi au kitu chochote chenye majimaji kitailowesha ndani ya muda mfupi, na hakuna hila ya magome itakayozuia hilo.

Kupata magome bila kuua miti

Mti hupitisha chakula chake katika tabaka la ndani la gome, kwa hiyo ukiubandua gome kwa kuuzunguka shina utaufisha, hata kama utachukua miezi mingi kukauka. Kanuni ya kazi hii ni kuchukua magome ya miti ambayo imekwisha kukatwa kwa sababu nyingine. Kwa mtu wa Mwanza chanzo cha kwanza cha kufikiria ni mabanzi, yaani vile vipande vya pembeni vyenye magome vinavyobaki gogo linapochanwa mbao. Mkoa una mashamba ya miti ya serikali ya Buhindi upande wa Sengerema na Rubya kisiwani Ukerewe, ambako paina hupandwa, na mabanzi ya paina mara nyingi huishia kuwa kuni. Muulize mwenye mashine ya kuchana mbao akuuzie magome mapya, ya magogo ambayo hayajalala nje mvua nyingi, kwa maana tanini huyeyuka katika maji na mvua huiondoa bure kabla yako.

Chanzo cha pili ni matawi ya miembe na mipera yanayokatwa wakati wa kupogolea. Gome la mwembe lina tanini ya kutosha, lakini utomvu wake huwawasha baadhi ya watu, basi vaa glavu. Chanzo bora kuliko vyote kwa wingi wa tanini ni miwati, ambayo gome lake kavu huwa na tanini inayokaribia theluthi moja ya uzito wake. Miwati haistawi sana huku kwetu kwenye joto la ziwani. Nyumbani kwake hapa nchini ni nyanda za juu zenye baridi kama Njombe na Lushoto, na Njombe ndiko Kampuni ya Tanganyika Wattle ilikoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya kazi ya kutoa tanini kutoka kwenye magome hayo. Ukinunua unga wa tanini uliokwisha kutengenezwa, uliza kama umetiwa salfaiti, kwa kuwa unga unaoandaliwa kwa ajili ya viwanda vya ngozi mara nyingine hutiwa kemikali hiyo, na huo usiuweke karibu na chakula.

Kuna magome ya kuachana nayo kabisa. Usitumie mnyaa, hata kama umejaa kwenye kila ua wa Usukumani, kwa sababu utomvu wake ni sumu na huunguza macho. Usitumie mwavi, ambao gome lake ni sumu. Usitumie mwarobaini, ambao uchungu wake utahamia kwenye chakula. Mikoko ina tanini nyingi mno, lakini ni mti wa pwani unaolindwa. Na migunga iliyomo ndani ya ngitili za vijiji, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa na wanakijiji, iachwe ilivyo. Wazee wa Shinyanga na Mwanza hawakuitenga miti hiyo ili mtu aje kuibandua. Kanuni iliyo salama zaidi ni kutumia mti mmoja tu unaoufahamu kwa hakika, na kutochanganya magome yasiyojulikana yametoka wapi. Mazao ya msitu, mabanzi yakiwemo, yanasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo weka stakabadhi ya ununuzi na uulizie kibali cha kusafirisha kabla ya kupakia gari.

Kukausha na kusaga

Kwangua kwa kisu ile sehemu ya nje iliyokufa, yenye mchanga, ukungu na kuvu, kisha suuza gome haraka kwa maji baridi bila kuliloweka. Likate vipande vyembamba na ulikaushe kivulini juu ya kichanja penye upepo, si chini na si juani, hadi kipande kikivunjwa kitoe mlio badala ya kupinda. Magome yaliyofungwa guniani kabla ya kukauka huota ukungu katikati ambao hauonekani kwa nje, na ukungu huo huila tanini.

Saga kwa kinu cha kutwangia au kwa mashine ndogo iliyotengwa kwa kazi hii tu. Usipeleke magome kwenye mashine ya kusaga sembe ya mtaani, maana mteja atakayefuata atapata unga mwekundu wenye uchungu na wewe utapata ugomvi. Chembe zinazotakiwa ni za ukubwa wa chenga za mchele. Unga laini mno huziba kitambaa cha kuchujia, na vipande vikubwa huficha tanini katikati yao. Funga mdomo na pua kwa barakoa wakati wa kusaga, kwa kuwa vumbi la magome huumiza mapafu.

Kutoa tanini kwa maji ya moto

Maji yenyewe yana umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Tanini ikikutana na chuma hugeuka kuwa na rangi nyeusi yenye ukijani au ubuluu, kwa hiyo maji ya kisima yenye chuma, tangi lenye kutu au sufuria ya chuma iliyochubuka vitaiharibu rangi ya kazi yote na kupunguza tanini iliyo huru. Tumia maji ya mvua au ya bomba yaliyochujwa, na sufuria ya stenlesi.

Kwa kila kilo moja ya gome lililosagwa weka lita 10 za maji. Pasha moto hadi nyuzi 70 au 80 za selsiasi na ushikilie hapo kwa saa moja, ukikoroga mara kwa mara kwa mwiko wa mbao. Maji yasitokote. Joto la kutokota kwa muda mrefu huunganisha tanini kuwa chembe nyekundu zisizoyeyuka, ambazo hukaa chini kama tope na hazina tena faida kwetu. Chuja kwa kitambaa cha marekani, rudisha magome sufuriani na lita 5 za maji, pasha kwa nusu saa nyingine, chuja, kisha changanya maji yote mawili. Yaache usiku mzima katika ndoo iliyofunikwa ili mashapo yatulie, na asubuhi uyamimine polepole ukiacha tope chini. Maji mazuri yanafanana na chai ya rangi iliyokolea: mekundu au ya kahawia, lakini ukiyaweka kwenye glasi unaona ng'ambo.

Ili kuhakikisha kwamba kweli umepata tanini na si rangi tu, loweka misumari yenye kutu katika siki kwa siku moja, kisha chukua tone moja la siki hiyo na ulidondoshee kwenye kijiko cha maji ya magome. Pale tone linapogusa pataanza kutoka nyuzinyuzi nyeusi zinazotanda, na baada ya sekunde chache kijiko kizima kitakuwa cheusi chenye ukijani. Yakibaki mekundu vilevile, magome hayo yalikwisha kuoshwa na mvua, na hakuna sababu ya kuendelea nayo. Kijiko cha jaribio kimwagwe. Kisirudi kwenye ndoo.

Maji ya magome ni chakula cha ukungu, hivyo yatumike siku hiyo au yahifadhiwe kwenye friji yasizidi siku tatu.

Kupima nguvu ya maji ya magome

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayofanya karatasi ya leo itofautiane na ya wiki iliyopita hata kama mkono ni uleule. Pima mililita 100 za maji ya magome, yaweke kwenye sahani bapa ambayo umeshaipima uzito ikiwa tupu, na uyakaushe polepole hadi ubakiwe na ukoko mkavu ambao uzito wake haupungui tena. Ondoa uzito wa sahani. Gramu zinazobaki ndizo asilimia ya yabisi: gramu 2 kutoka mililita 100 ni asilimia 2, kiwango ambacho miwati huweza kukifikia kwa vipimo tulivyotumia. Paina hutoa kidogo zaidi, pengine chini ya asilimia 1.

Sasa hesabu. Kwa lita moja ya rojo tutakayoipika hapa chini tunahitaji gramu 2.5 za yabisi ya magome. Gawanya 2.5 kwa asilimia uliyopata, kisha zidisha kwa 100. Maji ya asilimia 2 yatahitajika mililita 125. Maji ya asilimia 0.6 yangehitajika mililita 417, na kiasi hicho ni kikubwa kiasi kwamba maji yanayobaki kwa ajili ya kupikia wanga hayatatosha na rojo itakuwa nzito mno. Katika hali hiyo yapunguze kwanza maji ya magome hadi theluthi moja katika sufuria pana juu ya moto mdogo, bila kuyatokosa, na uyapime upya.

Wanga wa muhogo

Wanga si unga. Unga wa udaga au wa makopa una nyuzi, una harufu ya kuchachuka, na hauwezi kutoa utando laini. Chukua mihogo iliyochimbwa siku hiyo au jana yake, imenye, ioshe, ikune au isage mbichi, kisha ichanganye na maji mengi na uikamue kwenye kitambaa. Maji meupe yanayotoka yaache yatulie kwa saa 4 hadi 6. Wanga utashuka chini na kuganda kama chokaa. Mwaga maji ya juu, tia mengine masafi, vuruga, acha utulie tena, na urudie hadi maji ya juu yawe maangavu kabisa yasiyo na harufu. Kuosha huku si urembo: ndiko kunakoondoa sumu ya sianidi inayopatikana hasa katika mihogo michungu. Kwa sababu hiyohiyo maji hayo ya kuoshea wasipewe mbuzi wala kuku. Kausha wanga juani juu ya kitambaa safi ukiwa umefunikwa na kingine chepesi, na ukikauka uuchekeche.

Asiyetaka kazi hii anaweza kununua wanga wa muhogo uliotengenezwa kiwandani. Mimi naona ni afadhali mwanzoni ununue, ujifunze kupika rojo na kupaka kwa wanga usiobadilika, ndipo uanze kutengeneza wa kwako.

Kupika rojo

Kwa lita moja unahitaji gramu 50 za wanga, gramu 12.5 za glisirini, na maji ya magome yenye gramu 2.5 za yabisi kama tulivyohesabu. Kinachobaki hadi kufikia lita moja ni maji masafi. Glisirini inunuliwe duka la dawa, ile safi ya matumizi ya binadamu. Kazi yake ni kuulainisha utando ili ukunjike bila kupasuka, na kiasi chake kinakwenda na wanga: chini ya robo ya uzito wa wanga utando huvunjika, na zaidi ya theluthi unanata mikononi na kuvuta unyevu wa hewa. Hapa ziwani, ambako hewa ina unyevu mwingi nyakati za vuli na masika, baki kwenye robo.

Vuruga wanga katika maji baridi hadi kusiwe na kidonge, kisha weka kwenye moto mdogo na ukoroge mfululizo. Kwa dakika za mwanzo mchanganyiko ni mweupe kama ulivyouanza na mwiko unapita bila kizuizi. Ukikaribia nyuzi 65 mwiko huanza kuhisi uzito upande wa chini, weupe unavunjika kwa mabaka, na ghafla sufuria nzima inakuwa na rojo inayong'aa unayoweza kuona mwiko ndani yake. Huo ndio wakati wa wanga kufunguka. Endelea hadi nyuzi 80 na ushikilie dakika 10 ili chembe zote ziive, kisha tia glisirini na uiondoe motoni.

Maji ya magome yasubiri. Yana asidi kidogo, na yakichemshwa pamoja na wanga huukatakata na kuudhoofisha. Acha rojo ipoe hadi nyuzi 60 hivi, ndipo uyamimine kwa mkondo mwembamba huku ukikoroga upesi. Ukiyatia yote kwa mkupuo, tanini huushika wanga ulio karibu na kufanya vidonge vya kahawia ambavyo havitayeyuka tena. Usijaribu kuiongezea rojo hii jelatini au ute wa yai kwa nia ya kuipa nguvu. Tanini na protini hushikana papo hapo, na utabaki na mabonge mithili ya mpira yakielea majini. Chuja rojo ingali na joto na uitumie siku hiyohiyo, kwani kesho yake itakuwa imechacha.

Kupaka karatasi

Tumia karatasi mpya ya kaki isiyochapishwa kitu, yenye uzito wa gramu 80 hivi kwa mita ya mraba. Magazeti hayafai kwa sababu ya wino, na karatasi za mifuko ya saruji hazifai hata zikikung'utwa namna gani. Ibane karatasi juu ya ubao laini kwa vibanio kwenye pembe zote ili isijikunje ikilowa. Kwa brashi pana au sponji safi, paka mkono wa kwanza kuelekea upande mmoja, acha ukauke, kisha paka wa pili kwa kukatisha wa kwanza, ili vitundu vilivyoachwa na brashi vizibwe. Lita moja hutosha takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Karatasi iliyopakwa vizuri ina mng'ao mdogo ulioenea sawasawa inapotazamwa kwa ubavu kuelekea dirishani. Mabaka yasiyong'aa ni mahali mafuta yatakapopenyea.

Ukaushaji ufanyike kivulini penye upepo, au ndani ya kikaushio cha jua kisichozidi nyuzi 50. Jua kali hukausha juu kabla ya ndani na utando hupasuka nyufa nyembamba. Na wanaofanya kazi karibu na ufukwe wanajua adha nyingine: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama wingu na kufuata taa jioni. Karatasi moja mbichi iliyoachwa chini ya taa barazani hujaa mabawa yaliyonasa, na haisafishiki tena. Kaushia ndani ya chandarua, na umalize kabla ya magharibi.

Nta ya nyuki upande wa nje

Utando wa wanga ukiwa mkavu huzuia hewa na mafuta vizuri sana, ila ukinyonya unyevu hulegea na kuipitisha hewa. Ndiyo maana upande wa pili wa karatasi, ule utakaotazama nje, hupakwa nta. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Iyeyushe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe isiwe juu ya moto wenyewe, kwa kuwa mvuke wa nta hushika moto. Ichuje kwa kitambaa, ipake nyembamba kwa brashi, kisha pitisha pasi ya uvuguvugu juu ya karatasi nyingine iliyowekwa juu yake ili nta izame na kuenea. Gramu 10 kwa mita ya mraba zinatosha.

Kabla ya kupaka nta, weka alama ya ukanda wa sentimita 2 kwenye kingo zitakazogandishwa na usiupake kitu. Gundi haishiki kwenye nta, na pakiti nyingi hufunguka zenyewe kwa sababu ya kusahau ukanda huu. Gundi inayofaa ni rojo nzito ya wanga uleule, gramu 15 hadi 20 kwa mililita 100 za maji, bila glisirini. Kunja pakiti, gandisha, weka kitu kizito juu yake hadi ikauke.

Pakiti zilizopakwa nta zisisafirishwe kwenye keria ya basi. Nta hulainika mapema kabla haijayeyuka, na pakiti zilizobanana juani kutoka Mwanza hadi Dodoma zitafika zimegandana.

Kuipima karatasi kabla ya kuiamini

Anza na majaribio ya mezani. Dondosha tone la maji upande wa nta na uhesabu dakika hadi lianze kuzama. Karatasi tupu iwe kando kwa kulinganisha. Dondosha tone la mafuta ya alizeti upande wa wanga, weka karatasi nyeupe chini yake, na utazame kesho yake kama pana doa. Kunja kona mara tano palepale, kisha pitisha mafuta juu ya kunjo. Utando wenye glisirini kidogo huumbuka hapa. Mwisho, fungia maziwa ya unga ndani ya pakiti kwa siku mbili na umpe mtu asiyejua ayaonje na kuyanusa pamoja na mengine yaliyokuwa kwenye kopo. Maziwa ya unga hunasa harufu upesi, kwa hiyo yakitoka salama dagaa watatoka salama.

Jaribio lenye uzito ni la kuhifadhi. Nunua dagaa wa siku moja, waliokaushwa kwenye vichanja na si mchangani, wanaovunjika kwa mlio ukiwakunja. Wagawe katika makundi matatu: pakiti za kaki tupu, pakiti zilizopakwa wanga na nta bila tanini, na pakiti zenye tanini. Kundi la pili ndilo ambalo watu hulisahau, na bila hilo huwezi kujua kama kinachosaidia ni magome au ni wanga peke yake. Ziweke zote mahali pamoja, zenye namba tu bila maelezo, na kila wiki fungua moja ya kila kundi mbele ya watu watatu au wanne wanaowajua dagaa, ikiwezekana akina mama wauzaji wa Mwaloni wenyewe, ambao pua zao hazidanganywi. Waandike harufu na rangi bila kushauriana. Endelea kwa miezi miwili. Anayeweza kulipia maabara aombe kipimo cha peroksaidi katika mafuta ya dagaa, ambacho huonyesha kuharibika kabla pua haijagundua. Kama kundi la tatu halilishindi la pili, punguza hasara na uache magome. Karatasi ya wanga na nta ni bidhaa nzuri kwa haki yake.

Na ikiwa dagaa waliingia pakitini wakiwa na unyevu, kuvu itaota katika makundi yote matatu.

Mabaki

Magome yaliyokwisha kukamuliwa yakaushwe yawe kuni, au yachanganywe na samadi yaoze taratibu. Maji yaliyobaki yenye tanini yasimwagwe kwenye mfereji unaoingia mto Mirongo wala moja kwa moja ziwani, maana tanini iliyokolea huwadhuru samaki. Yamwage kwenye shimo la mboji lililo mbali na kisima.

Kabla ya kuuza

Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea bidhaa, huku vifungashio vya plastiki vya baadhi ya matumizi, vyakula vilivyosindikwa vikiwemo, vikiachwa. Kwa hiyo karatasi yako haitauzika kwa sababu tu mshindani wake amepigwa marufuku. Itauzika ikiwa dagaa wamedumu zaidi ndani yake, na daftari lako la miezi miwili ndilo ushahidi wa kumwonyesha mnunuzi.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na kitu kinachogusa chakula kinawahusu. Peleka kwao karatasi iliyokamilika pamoja na maelezo ya mti uliotumika na sehemu yalikotoka magome, asili ya wanga, stakabadhi ya glisirini, na kiasi cha kila kimoja, uombe kujua vipimo vinavyohitajika, hasa cha kuona ni kiasi gani cha vitu hivyo kinahamia kwenye chakula. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) mkoani Mwanza huwasaidia wajasiriamali wadogo kuandaa maombi ya namna hiyo. Mpaka majibu yatoke, pakiti za majaribio zibaki za majaribio, na ukibadilisha aina ya mti, hata kutoka paina kwenda mwembe, hiyo ni karatasi nyingine inayohitaji kupimwa upya.